Kibali cha Omena

Kipchumba alikuwa afisa wa samaki asiyekula samaki, asiyeshika samaki, na ambaye akiulizwa jambo lolote kuhusu samaki alitoa leso akajipangusa jasho mpaka muulizaji akasahau kilichomleta. Msimlaumu bure. Kwao Bonde la Kerio samaki alihesabiwa pamoja na nyoka, tofauti ikiwa kwamba nyoka angalau ana adabu ya kukaa nchi kavu. Chuoni aliomba kusomea ng'ombe wa maziwa. Karani mmoja mwenye haraka ya chakula cha mchana alikosea mstari, akamweka kwenye mstari wa chini, na mstari wa chini ulikuwa uvuvi. Serikali nayo haikuona sababu ya kuuliza maswali. Ilimpa meza Lodwar, feni iliyokufa, na ziwa zima ambalo alikuwa ameliona mara mbili, zote mbili kwa mbali.

Siku zake alizimaliza akiandika ripoti ambazo zilifanana na ripoti za mtu aliyemtangulia, ambazo nazo zilifanana na za mtu wa kabla yake. "Aina za samaki: nyingi. Hali ya samaki: ya kuridhisha." Jioni alipiga simu Iten, kwa mkewe Mama Ashley na binti yao Ashley, aliyekuwa na umri wa miaka minne na baba wa kwenye simu.

Ndipo Januari 2013, serikali mpya za kaunti zikiwa mlangoni na kila mtumishi akijiuliza ataamkia mikononi mwa nani, ikaja barua kutoka Nairobi. Kila ofisi itaje watumishi ambao utaalamu wao hauhitajiki pale walipo, wahamishwe kabla orodha haijafungwa. Kipchumba alijaza fomu kwa mwandiko mzuri, ule ambao watu huuweka akiba kwa ajili ya barua za mapenzi. Penye swali la utaalamu aliandika: "Sijui samaki. Nikiwekewa samaki wawili sijui tofauti yao. Wala sili."

Mkuu wake, Bwana Lopeyok, aliisoma mara mbili huku tumbo likimtikisika.

"Nimesaini fomu miaka ishirini," alisema. "Hii ndiyo ya kwanza yenye ukweli."

Uhamisho ukakubaliwa. Ofisi ndogo ya Iten ilikuwa na nafasi moja, na huko samaki walikuwa wachache na walikaa bwawani kwa utulivu, hawamsumbui mtu. Kilichobaki ni sahihi ya Lopeyok, na Lopeyok husaini barua siku ya Ijumaa. Kwa mara ya kwanza maishani ujinga ulikuwa umemfaa mtu kuliko cheti, na Kipchumba alikusudia kuutunza vizuri mpaka Ijumaa ipite.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo Nakaale akaingia ofisini.

Nakaale alikuwa mkaushaji samaki wa Longech, mama mwenye shanga mpaka kidevuni na sauti ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya laga, mto usio na maji. Hakubisha hodi. Alibeba mfuko wa nailoni, na kabla Kipchumba hajamaliza kumsalimu "ejok" aliumwaga mfuko wote juu ya meza, juu ya faili, juu ya kikombe cha chai. Visamaki vikavu, vidogo kama misumari, vikatapakaa mpaka kwenye droo iliyokuwa wazi.

"Ejok," Nakaale alijibu. "Hii ni nini?"

Kipchumba alirudisha kiti nyuma. "Mama, toa hivi vitu."

"Mimi nauliza wewe. Wewe ndiyo serikali ya samaki. Hii ni nini?"

"Ni... omena."

"Nani alikuambia?"

Aliyemwambia alikuwa Elijah. Mwezi wa Oktoba Elijah, mfanyabiashara mnene mwenye tabasamu la mzee wa kanisa, alikuja kuomba kibali cha kuvua omena katika ghuba la Longech kwa nyavu za tundu dogo, akauze Kakuma ambako walaji ni wengi. Kipchumba alifungua kitabu cha kanuni. Kitabu kilisema omena ni samaki mdogo hata akizeeka, kwa hiyo anaruhusiwa kuvuliwa kwa nyavu za tundu dogo. Alichosahau kusoma ni jina la ziwa, lililoandikwa juu ya ukurasa kwa herufi kubwa, na halikuwa ziwa hili. Akagonga muhuri. Alikuwa na wasiwasi kwamba akiuliza swali ataonyeshwa samaki.

"Huku hakuna omena," Nakaale alisema. "Hakuna hata moja. Samaki ndogo-ndogo iko, lakini inakaa huko mbali katikati ya maji. Hii imetoka kwa nyasi ya ghuba. Hii ni watoto. Mama zao wanakuja kuzaa hapo kwa nyasi, watoto wanakaa hapo mpaka wapate nguvu, halafu wanaenda ziwa. Sasa huyo Elijah yako anachota yote na neti kama ya mbu. Miezi mitatu mimi sijakausha samaki ya kufika hapa." Alijigusa kiwiko.

"Nitaandika ripoti," Kipchumba alisema. Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu, kuanzia ukame hadi choo cha ofisi kilichoziba.

Nakaale akamtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama punda aliyeingia kanisani.

"Wewe ni Mkalenjin?"

"Ndiyo."

"Babu yako alikuwa anaiba ng'ombe ya babu yangu."

"Babu yako ndiye alikuwa anaiba za babu yangu!"

"Sawa. Walikuwa wanaibiana. Lakini hata wakiiba, kuna mtu alichinja ndama yote ya zizi siku moja, halafu asubuhi akauliza maziwa iko wapi?"

Kwa mwaka mzima na nusu watu walikuwa wamemweleza Kipchumba habari za samaki kwa Kiingereza cha semina, kwa michoro na kwa mishale ya rangi, na hakuna lililomwingia. La ndama lilimwingia moja kwa moja, likakaa. Alivitazama vile visamaki kwenye kikombe chake cha chai akakasirika kwa sababu ilikuwa Jumatatu na Ijumaa ilikuwa karibu sana.

"Twende Kakuma," Nakaale alisema. "Uone kwa macho."

Gari la ofisi lilikuwa na mafuta ya kwenda tu, lakini walikwenda. Alijiambia kwamba anakwenda ili mama huyu atoke ofisini.

Soko la Kakuma, upande wa kambi ya wakimbizi, lilikuwa limepangwa kwa mataifa, na kila taifa lilikuwa na maoni yake kuhusu samaki. Nakaale alimvuta mpaka kwenye meza ya Mama Caritas, mwanamke Mkongo wa Uvira mwenye kitenge cha tausi, aliyezaliwa kando ya ziwa jingine kubwa na ambaye hakuwa na heshima yoyote kwa hili.

"Hii banaita ndagala," Caritas alisema, akiinua konzi ya visamaki. "Elijah analeta gunia, anasema, Mama Caritas, uza ndagala. Mi najua ndagala tangu ningali mutoto! Ndagala ni mudogo lakini ni mutu muzima. Ana mayai ndani ya tumbo. Hii, pasua yote, hautapata hata yai moja. Hii ni batoto."

"Kama unajua, mbona unauza?" Kipchumba aliuliza, kwa ukali wa mtu aliyepiga muhuri.

"Na wewe kama ulijua, mbona uliandika karatasi?"



Lakini kilichomshika Kipchumba hasa ni meza yenyewe. Caritas hakuweza kuuza fungu lililochanganyika. Lilimuudhi, alisema, kama nguo za watoto wa watu wengine kwenye beseni moja. Kwa hiyo kila gunia alilichambua, na juu ya kitambaa cheupe alikuwa amevipanga visamaki katika mafungu kumi na moja. Wengine bapa kama sarafu. Wengine wenye sharubu. Wengine wenye meno ya kujitokeza hata katika udogo ule. Nakaale akapitisha kidole fungu moja moja akitaja majina ya Kiturkana. "Huyu iji, akikuwa mkubwa anashinda wewe. Huyu lokel, ya meno. Huyu gage. Huyu golo. Huyu tir, angalia mwiba yake. Huyu kopito, ndevu. Huyu chubule..."

Kipchumba aliinama. Aina kumi na moja ndani ya gunia moja, na yeye alikuwa ameandika "nyingi". Pasipo kukusudia alianza kuwatazama jinsi alivyofundishwa kutazama mifugo akiwa mdogo kule bondeni: kwanza mgongo, halafu kichwa, halafu mkia, halafu alama ya ubavuni. Iji alikuwa na nundu. Golo alikuwa na kichwa kidogo kwenye mwili mkubwa, sura ya fahali wa mjomba wake. Alipoinuka shingo ilimuuma, na jua lilikuwa limehama meza nzima.

"Sijaelewa kitu," alimwambia Nakaale garini. Ulikuwa uongo mkubwa, na wote wawili walijua.

Jumanne asubuhi alimkabili Lopeyok.

"Kile kibali cha Elijah kifutwe."

"Kwa sababu gani?"

"Hakuna omena."

Lopeyok aliegemea kiti. Alikuwa mtu wa utawala, aliyejua sheria zote za karatasi na hakuwa na haja ya nyingine. "Kukifuta kunachukua miezi sita na kamati mbili. Lakini soma mwenyewe: kibali ni cha omena. Akikutwa na omena, mpe mkono uende zako. Akikutwa na kitu kingine, kibali hakimlindi hata dakika moja. Chukua magunia, chukua nyavu, kwisha."

Kipchumba karibu amkumbatie. "Basi leo hii!"

"Pole pole. Nani atasema si omena? Nakaale? Watasema ana wivu. Yule Mkongo? Mkimbizi. Sheria inataka mtaalamu wa serikali, ataje kila samaki kwa jina mbele ya mashahidi, asaini." Alivuta droo, akatoa karatasi mbili, akaziweka ubavu kwa ubavu. "Hii ni fomu ya kukamata. Inasema wewe unajua samaki. Hii ni barua yako ya uhamisho. Inasema hujui. Mimi siwezi kutia sahihi zote mbili wiki moja, nitaonekana mlevi. Chagua moja."

Jioni hiyo Ashley alimweleza kwenye simu kwamba mama amenunua kitanda kipya, kile cha zamani amekirithi mbuzi. Mama Ashley akachukua simu akasema si kweli, ni kwamba mbuzi amekipanda. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo aliyoitumia kwa mambo makubwa, "Ijumaa bado ni Ijumaa?"

"Ni Ijumaa," alisema, na alimaanisha.

Aliamua hivi: atakwenda Kakuma Alhamisi, siku ya gunia la Elijah, atazame mbele ya mashahidi, aseme "siwezi kuwatambua", aandike hivyo, arudi. Ukweli ungekuwa umetendewa haki kwa kadiri ya fomu. Ghuba lingejitafutia afisa mwingine. Lakini usiku huo, na uliofuata, kila alipofumba macho aliona mafungu kumi na moja yakitoka zizini moja moja, naye akiyahesabu kwa jina.

Alhamisi watu walikuwa wamejaa kwenye meza ya Caritas, kwa kuwa Nakaale alikuwa ametangaza. Gatkuoth, mchuuzi wa Kinuer mrefu kama nguzo ya stima, alisimama nyuma ya wote akaona kuliko wote. Polisi wawili walisimama kuwa mashahidi, wakitafuna miwa. Magunia manne ya Elijah yalikuwa chini, moja limefunguliwa.

"Ofisa wetu!" Elijah alimpokea kwa mikono miwili. Kisha akamnong'oneza, "Nasikia kesho unatuacha huku, unaenda Kenya, huko kwenu Iten. Hongera. Sema tu hujui, uende salama. Nani atakulaumu? Kila mtu anajua hujui."

"Najua kwamba wanajua," Kipchumba alisema.

Akainama juu ya gunia. Nakaale alisimama pembeni amekunja mikono, hajasema neno, na kwa Nakaale hilo lilikuwa jambo la kutisha. Kipchumba akasafisha koo.

"Mimi kama afisa," alianza, "nikiangalia hawa samaki, siwezi..."

"Bila shaka huwezi!" Elijah akadakia, akicheka na umati, akaona amsaidie kidogo. "Nani anaweza? Watu wangu, samaki ni samaki tu. Ni kama mbuzi. Mbuzi ni mbuzi! Ukiona mmoja umeona wote."

Hapo Elijah alikosea, na alikosea mahali pabaya. Waturkana waliokuwepo waliguna kama watu waliotukaniwa mama. Na ndani ya Kipchumba kulikuwa na mtoto aliyechunga mbuzi sitini akiwajua wote kwa sura, kwa sauti na kwa tabia, aliyewahi kuchapwa kwa kumchanganya mbuzi wa nyumbani na wa jirani. Mtoto huyo hakuwa na habari ya Ijumaa.

"Mbuzi ni nini?" Kipchumba aliuliza polepole.

"Ni mbuzi tu."

"Wewe mtu mzima unasimama hapa, mbele ya watu wenye mifugo, unasema mbuzi ni mbuzi tu?" Akatumbukiza mkono mzima ndani ya gunia, mkono ambao haukuwahi kugusa samaki tangu kuzaliwa, akautoa umejaa. "Angalia huyu! Ana nundu. Mdomo wa chini umepita wa juu. Huyu ni iji, angefika kifua changu. Huyu ana meno ya nje, lokel. Huyu bapa, mkia mwekundu kwenye pindo, gage. Unamwona huyu? Kichwa kidogo, mwili wa fahali: golo! Huyu mwenye mwiba mgongoni ni tir, wewe mshike vibaya akufundishe. Huyu kopito. Huyu chubule, midomo minene kama yako..."

Aliwatupa mezani mmoja mmoja, na kila mmoja aliangukia fungu lake. Caritas aliacha kupepea inzi. Polisi waliacha miwa. Alipomaliza kumi na mmoja alikuwa anatweta, na sokoni hakuna aliyecheka.

"Kumi na moja," alisema. "Omena hakuna. Umevua ndama wa mazizi kumi na moja."

"Utajuaje," Elijah alisema, uso umempauka, "na wewe hata hujawahi kuonja?"

"Aonje!" Gatkuoth akapaza sauti kutoka juu kule. "Aonje!" soko likaitikia, kwa lugha saba.

Caritas alimpa kipande, si cha mtoto, bali cha mkubwa, mabaki ya chakula chake mwenyewe, kwenye sahani ya bati. Kipchumba alifumba macho, akawaomba radhi wazee wake wa bondeni, akatafuna. Machozi yalimtoka. La kusikitisha ni kwamba alikuwa mtamu.

Akatia sahihi fomu ya kukamata. Penye neno "mtaalamu" aliandika jina lake lote, kwa mwandiko ule ule mzuri. Magunia yakachukuliwa, na Jumamosi nyavu za Elijah zilitolewa ghubani zikachomwa, Nakaale akiwa amesimama karibu na moshi kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini kabla ya moshi huo, Ijumaa, Bwana Lopeyok alimwita. Barua ya uhamisho ilikuwa mezani na jina limekatwa kwa wino mwekundu, juu yake limeandikwa jina la Kiprop wa stoo, ambaye alikula samaki mara mbili kwa siku na kulipenda jua la Lodwar, na ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya jengo akilia kwa sauti.

"Kaunti inaanza Machi," Lopeyok alisema, akijitahidi asionekane na furaha. "Wanataka kila ofisi iwe na mtaalamu wa aina za samaki. Nimewaambia tunaye. Wanasema ziwa hili lina aina zaidi ya arobaini. Umebakiza kama thelathini hivi."

Kipchumba alitoka, akasimama chini ya mkoma ambao kivuli chake kilitosha mtu mmoja asiyehema sana. Alikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kupiga.

Alimweleza Mama Ashley yote, kuanzia omena hadi fahali wa mjomba. Upande wa pili alimsikia mbuzi kwa mbali, na mtoto akimfukuza kitandani.

"Kwa hiyo ulijua," mkewe alisema. "Ungesema tu hujui."

"Alisema mbuzi ni mbuzi tu."

Mama Ashley alikuwa binti wa wafugaji. Alipumua kwa nguvu, pumzi ya mtu anayeufunga mlango uliokuwa wazi.

"Mjinga sana huyo," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. Kisha: "Hiyo nyumba yako huko ina vyumba vingapi?"

"Kimoja na nusu."

"Na mtoto atakula nini huko?"

Kipchumba alitazama upande wa mashariki, ambako ziwa lilikuwa mbali, halionekani.

"Samaki," alisema. "Subiri kidogo tu, wakue."